Mbuna wa Mwamba Huu na Mbuna wa Mwamba Ule

Siku ya gulio samaki wa Nyasa hupanda milima. Hutoka Mbamba Bay, hutoka Liuli na Lituhi, wamefungwa kwenye matenga na magunia, mpaka Mbinga mjini na mpaka huku Mbuji. Mnunuzi wa huku juu huuliza mambo mawili tu: bei gani, na je, wamekauka vizuri? Akishapimiwa dagaa wake anakwenda zake.

Leo tuulize jambo la tatu. Samaki hawa wametoka wapi? Sina maana wamevuliwa wapi. Nina maana hii: ilikuwaje ziwa moja likawa na aina nyingi za samaki namna hii?

Msidhani hili ni swali la watu wasio na kazi. Wataalamu wamesafiri toka Ulaya na Marekani kuja kuliuliza kwenye fukwe zetu. Na jibu lake linamgusa hata mkulima wa Mbuji ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi maishani mwake. Tutafika huko.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi. Mahali penye upana mkubwa ni kilomita 75 hivi. Kina chake kinafika mita 700. Chukua viwanja saba vya mpira, visimamishe kimoja juu ya kingine, hapo utakuwa umekaribia kina hicho. Lakini samaki hawakai mpaka chini. Kupita mita 250 hivi maji hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo samaki wote wanabanana katika tabaka la juu.

Na wamebanana kweli. Wataalamu wanakadiria kuwa ziwa hili lina aina 800 za samaki mpaka aina 1,000. Hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi kuliko hizo. Mito na maziwa yote ya Ulaya ukiyajumlisha pamoja hayafikishi idadi hiyo. Na karibu aina zote hizo hazipatikani mahali pengine popote. Sehemu kubwa ni wa jamaa ya perege, yaani ndugu wa chambo. Kati yao wamo wale wadogo wadogo wenye rangi kali, wanaokaa kwenye mawe. Watu wa ziwani tunawaita mbuna. Jina hilo limeshika dunia nzima. Leo Mjerumani anayefuga samaki katika sanduku la kioo sebuleni kwake naye anasema "mbuna". Wapo wanaouzwa huko kwa jina la Hongi, kisiwa kidogo cha pwani yetu, na mnunuzi pengine hajui Hongi ni kitu gani.

MDOMO NI CHOMBO CHA KAZI

Ukitaka kujua kazi ya mtu, tazama chombo alichobeba. Mwenye jembe anakwenda shamba. Mwenye nyavu anakwenda ziwani. Samaki hana mkono, kwa hiyo chombo chake ni mdomo.

Ukiinama kwenye maji maangavu ya Mbamba Bay utaona ukoga wa kijani juu ya mawe. Huo ndio chakula cha mbuna wengi. Lakini hawaukwangui kwa namna moja. Wengine wana meno mengi madogo kama brashi, wanafagia. Wengine wana meno makali, wananyofoa. Wengine wana mdomo mwembamba, wanadonoa vijidudu ndani ya nyufa. Mbali kidogo na mawe wapo wanaofyonza vijidudu vinavyoelea. Wapo wenye taya nene kooni, wanavunja konokono kama sisi tunavyovunja karanga. Huyu wa konokono tumwekee alama, maana tutamrudia.

Tena wapo wahuni. Kuna aina inayoishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Kuna mwingine anayejilaza ubavu juu ya mchanga kama mfu. Samaki wadogo wakimsogelea kumdonoa, anaamka na kuwameza. Ndugu zetu wa Malawi wanamwita kaligono, yaani mlalaji. Na kuna mbaya kupita wote: anampiga kichwa samaki mama aliyebeba watoto mdomoni ili awateme, halafu anawala. Nilipolieleza jambo hili darasani, akina mama waliguna kwa pamoja.

Mwingereza mmoja, Geoffrey Fryer, alikaa Nkhata Bay katika miaka ya 1950. Nkhata Bay ni ng'ambo, upande wa Malawi, inatazamana na Mbamba Bay. Kazi yake ilikuwa kuwatazama samaki wa mawe, kupasua matumbo yao na kuandika kilichomo. Mwaka 1959 alichapisha matokeo. Kazi hiyo ilionyesha jinsi aina nyingi zinavyoweza kukaa pamoja kwenye mawe yale yale, kila moja na namna yake ya kutafuta riziki. Wataalamu wengi waliokuja baadaye wameanzia hapo.

VIFARANGA NA MWEWE

Sasa, aina mpya inapatikanaje? Tuanze na kitu tunachokijua nyumbani.

Kuku ametotoa vifaranga 12. Wote ni watoto wa mama mmoja, lakini hawafanani sawasawa. Wengine ni weupe, wengine wana rangi ya udongo. Mwewe yuko juu. Je, atamwona nani kwanza? Mweupe. Mwisho wa mwezi wamebaki vifaranga watano, na wengi wao ni wenye rangi ya udongo. Hao ndio watakaokua na kutaga, na vifaranga wao watarithi rangi ile. Jambo hili likiendelea kizazi hata kizazi, na mwenye kuku asiingilie kati, baada ya miaka mingi kuku weupe watakuwa haba kijijini.

Tazama vizuri, hakuna kuku aliyeamua kuwa na rangi ya udongo. Wala mwewe hakukusudia kubadili kuku wa kijiji, alikuwa anatafuta chakula tu. Yako mambo matatu yaliyofanya kazi. Watoto hutofautiana. Tofauti nyingine hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaokua, na aliye na tofauti inayomfaa mahali pale ndiye aachaye watoto wengi zaidi. Charles Darwin, Mwingereza, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1859, naye alianza kwa kutazama mifugo na njiwa wa kufugwa, kama sisi tulivyoanza na kuku.

Hapa watu wengi hupotea. Hudhani kuwa samaki alitamani konokono, akajikaza taya, taya ikawa nene, ndipo akazaa watoto wenye taya nene. Mambo hayaendi hivyo. Mama aliyetoboa masikio hazai mtoto mwenye masikio yaliyotobolewa. Mwanamume aliyeota sugu za jembe hazai mtoto mwenye sugu. Kinachorithiwa ni kile kilichoandikwa ndani ya mwili tangu kutungwa mimba, siyo kile tulichojipatia njiani.

Akina mama wa Umatengo wanalijua hili kwa vitendo. Wakati wa kuvuna maharagwe mama huchagua mbegu. Zile punje kubwa, zile zinazoiva upesi jikoni, anaziweka pembeni kwa msimu ujao. Miaka ikipita maharagwe ya nyumba hii siyo tena ya nyumba ile. Mahindi tunayokula yalitokana na nyasi za porini huko Meksiko. Wakulima wa kule walianza kuyachagua miaka ipatayo 9,000 iliyopita, kizazi kwa kizazi, mpaka yakawa na gunzi tunalolijua. Tofauti ni kwamba shambani anayechagua ni mtu. Ziwani anachagua mwamba, anachagua adui, inachagua njaa, na kama tutakavyoona, anachagua jike.

KILA MWAMBA NI KISIWA

Mbuna ni kiumbe wa jiwe. Jiwe ndiyo nyumba yake, shamba lake na ngome yake. Mchanga hautaki. Kuvuka mchanga mtupu kwake ni kama panya kuvuka uwanja wenye paka watatu. Basi mbuna aliyezaliwa kwenye mwamba mmoja, mara nyingi ataishi pale, atazaa pale na kufa pale. Mwaka 1997 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mbuna wa Nkhata Bay. Walikuta kuwa hata samaki wa miamba iliyoachana kwa kilomita moja hivi wanatofautiana katika urithi wao. Kilomita moja ni nini? Mtoto wa shule anaitembea kwa robo saa.

Malezi yao yanaongeza jambo hili. Samaki wengine hutaga mayai na kuyaacha yachukuliwe na maji. Jike wa mbuna hafanyi hivyo. Akitaga tu, anayachukua mayai mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Jike anapoyasogelea madoa yale, mbegu za dume zinaingia mdomoni na mayai yanatungishwa mle mle. Halafu mama anafunga mdomo. Kwa muda wa wiki tatu hivi anawabeba, na chakula anakula kidogo sana au hali kabisa. Watoto wakitoka wameshakuwa samaki kamili, wanajificha kwenye nyufa za mwamba ule ule wa mama yao.

Malezi mazuri, lakini yana gharama. Sangara wa Ziwa Victoria hutaga mayai kwa mamilioni. Mbuna hutaga makumi machache tu, maana mdomo ni mdogo. Kumbukeni hesabu hii.

Sasa jike anachaguaje dume? Kwa sehemu kubwa anatumia macho. Anatazama rangi. Jike wa aina hii anataka dume wa buluu mwenye milia, wa aina ile anataka wa manjano. Wakifungwa pamoja katika tangi, jike asiwe na mwingine wa kuchagua, aina mbili za mbuna zinaweza kuzaana na watoto wao wakazaa pia. Ziwani kwenye maji maangavu hawafanyi hivyo ila kwa nadra, kwa sababu kila mmoja anamwona wake. Kwa maneno mengine, kinachozitenga aina nyingi za mbuna siyo mwili kushindwa. Ni macho, na maji yanayoruhusu macho kuona.

Tunao ushahidi wa jambo hilo hapa hapa nchini. Mtaalamu Ole Seehausen alifanya kazi na wenzake kwenye ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1990. Huko wapo furu, nao ni jamaa moja na mbuna. Waliwaweka majike mbele ya madume ya rangi mbili. Kwenye mwanga wa kawaida jike alichagua dume wa aina yake. Wakabadili mwanga, wakaweka taa inayofanya rangi zisitambulike. Jike akachanganya. Kisha wakapima ziwani kwenyewe: penye maji maangavu walikuta aina nyingi za furu zenye rangi kali, na penye maji machafu aina chache zenye rangi iliyofifia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997.

ZIWA KISIBA LA RUNGWE

Lakini kuna anayeweza kusema: "Mwalimu, haya yote ni ya zamani sana, nani aliona?" Swali zuri. Twende Rungwe, mkoa wa Mbeya, tukatazame Ziwa Kisiba. Wengine wanaliita Ziwa Masoko. Watu wengi wanalijua kwa hadithi za sarafu za Wajerumani. Mimi naona samaki wake wana thamani kuliko sarafu zile.

Kisiba ni shimo la volkano lililojaa maji. Ni dogo, upana wake ni mita 700 hivi, unalizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kina chake ni zaidi ya mita 30. Umri wake ni miaka 50,000 hivi. Hakuna mto mkubwa unaoliunganisha na Nyasa. Samaki wa jamaa ya perege waliingia humo zamani, wakabaki peke yao.

Watafiti wa Uingereza pamoja na wetu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, ambayo ina kituo Kyela, waliwavua samaki hao na kuwapima. Mmoja wa waandishi wa kazi ile ni Mtanzania, Benjamin Ngatunga. Walikuta nini? Kando ya ziwa, kwenye maji mafupi yenye mwanga, madume ni ya manjano. Chini, kwenye mita 20 na zaidi ambako kuna giza, madume ni ya buluu. Vichwa vyao vinatofautiana. Taya zinatofautiana. Chakula kinatofautiana, kwa kuwa wa chini hutegemea zaidi vijidudu vinavyoelea. Walipochunguza urithi wao, walikuta sehemu fulani fulani zimeachana sana, na baadhi ya sehemu hizo zinahusu kuona, ikiwemo ile inayomsaidia samaki kuona kwenye mwanga hafifu.

Hesabu yao ilionyesha kuwa makundi haya mawili yalianza kuachana miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Ndugu msomaji, huo siyo muda mrefu. Ni wakati Kilwa ilipokuwa mji mkubwa wa biashara ya dhahabu. Samaki wale walikuwa kundi moja, na sasa wako njiani kuwa makundi mawili. Hawajaachana kabisa bado. Hilo ndilo lililowafurahisha wataalamu, kwa sababu wameikuta kazi ikiwa katikati. Ni kama kumkuta mfinyanzi mkono uko kwenye udongo, badala ya kukuta chungu kimeshachomwa. Matokeo yalichapishwa Desemba 2015 katika jarida kubwa la sayansi la Marekani.

HERUFI ZA URITHI

Nimesema mara nyingi "urithi umeandikwa". Umeandikwa wapi, na kwa herufi gani?

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua nguvu ya herufi moja. Andika neno MBUJI. Futa J, weka Z. Kijiji kizima kimekuwa mbuzi!

Ndani ya kila kiumbe kuna maandishi ya namna hiyo, yanaitwa vinasaba. Herufi zake ni nne tu, lakini zimepangwa kwa mfululizo mrefu mno. Mzazi anapozaa, maandishi yananakiliwa kwenda kwa mtoto. Mnakili ni hodari lakini si malaika. Mara chache anakosea herufi. Makosa mengi hayana madhara, mengine huua, na machache sana humpa mtoto jambo jipya linalomfaa. Humo ndimo tofauti mpya zinamotoka.

Mwaka 2018 wataalamu walichapisha kazi ya kusoma maandishi yote ya samaki 134 wa Ziwa Nyasa, wa aina 73. Walipolinganisha aina kwa aina walikuta kuwa katika kila herufi 10,000 zinazotofautiana ni 10 mpaka 25 tu kwa wastani. Sasa linganisha na watu. Mimi na wewe, kama si ndugu, tunatofautiana kiasi cha herufi 10 katika 10,000. Maana yake samaki wa aina mbili, mmoja mkwangua ukoga na mwingine mla wenzake, wanaweza kuachana kwa herufi chache kiasi cha kukaribia tofauti ya watu wawili waliokaa benchi moja hapa darasani. Hii ni alama kwamba wameachana juzi juzi kwa saa ya dunia.

Na ziwa lenyewe limewasukuma. Mwaka 2005 wataalamu walitoboa sakafu ya ziwa kwa mitambo, wakatoa nguzo ndefu za tope. Tope la ziwa ni kama kitabu cha kumbukumbu, kila tabaka ni ukurasa. Wakasoma kuwa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palikuwa na ukame wa kutisha, uliorudi mara kadhaa. Ziwa lilishuka zaidi ya mita 500. Miamba ya Mbamba Bay na Liuli, ambako leo mbuna wanacheza, ilikuwa vilima vikavu mbali na maji. Maji yaliporudi miamba ikawa visiwa vipya, nyumba tupu zinazongoja wapangaji. Samaki wakaingia, wakatengana, mambo tuliyoyaeleza yakaanza upya.

MKULIMA WA MLIMANI ANAHUSIKAJE

Sasa tumefika mahali nilipoahidi.

Rudini kwenye hesabu ile. Mbuna anazaa makumi machache. Haendi mbali. Aina nyingine makao yake ni kipande kifupi tu cha ufuko, au kisiwa kimoja. Basi likitokea jambo baya kwenye mwamba huo, hakuna wengine watakaokuja kutoka mbali kujaza nafasi. Dagaa husafiri ziwani, akipungua hapa huenda wakaja wengine. Mbuna wa mwamba mmoja akiisha, ameisha duniani.

Jambo baya la kwanza ni udongo. Mito mingi ya milima ya Umatengo inaishia Nyasa. Wazee wetu waligundua ngoro zaidi ya miaka 100 iliyopita: majani hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa kuyafunika, na katikati hubaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni na udongo unabaki shambani. Watu wamesifu ngoro kwa ajili ya maharagwe na mahindi, nao wako sahihi. Lakini ngoro inalinda pia mawe ya Mbamba Bay. Mahali mteremko unapolimwa matuta ya kushuka na mlima, au kingo za mto zinapolimwa mpaka majini, udongo mwekundu unakwenda ziwani. Ukifika, unakaa juu ya jiwe na kufunika ukoga, chakula kinapotea. Maji yanakuwa ya tope, na jike haoni rangi ya dume. Kumbuka furu wa Mwanza.

Jambo la pili ni kokoro, na vyandarua vya mbu vinavyogeuzwa nyavu. Kokoro limepigwa marufuku kisheria, lakini marufuku haivui samaki wala haimlishi mtu, na mwenye njaa ana sababu zake. Kwa hiyo sitahubiri sheria. Nitaeleza linalotokea.

Mnamkumbuka samaki mvunja konokono? Chakula chake kinakaa kwenye mchanga wa maji mafupi, pale pale kokoro linapoburuta. Na konokono huyo ndiye mwenye kubeba kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huanguliwa, mdudu anaingia kwa konokono, anazaliana humo, anatoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga.

Upande wa Malawi, kusini mwa ziwa, mpaka katikati ya miaka ya 1980 fukwe za wazi zilihesabiwa kuwa salama. Kichocho kilikuwa cha vijito na madimbwi. Baadaye watoto wa ufukweni, na hata wageni waliokuja kuogelea Cape Maclear, wakaanza kuugua. Jay Stauffer wa Marekani na wenzake walifuatilia jambo hilo miaka mingi. Walieleza kuwa uvuvi wa kupita kiasi karibu na ufuko uliwapunguza samaki wala konokono, konokono wakaongezeka, na maambukizo yakaongezeka nayo. Mtu alivuta kokoro apate kitoweo cha siku moja, na mtoto wake akakojoa damu.

Vidonge vya kichocho vipo, na mtoto apelekwe zahanati apimwe. Choo nacho ni lazima. Lakini kidonge hakimzuii mtoto kuingia majini tena kesho. Yule samaki wa taya nene alikuwa akifanya kazi hiyo bila mshahara.

Mtu mmoja aliniambia, wakiisha tutapandikiza wengine. Vifaranga wa perege wa bwawa ndiyo, utanunua. Vya mbuna wa mwamba wako hakuna duka linalouza. Ziwa Victoria walipandikiza sangara katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 aina za furu zinazokadiriwa kuwa 200 hivi zilikuwa zimetoweka au zimebaki chache sana. Sangara alileta viwanda na fedha, siwezi kukataa. Furu waliotoweka kabisa hawakurudi.

KAZI YA KIKUNDI

Wasomaji wa pwani, chagueni mwamba mmoja ulio karibu na kijiji, wenye maji maangavu. Mtu mmoja atazame, mwingine aandike. Hesabuni mbuna kwa rangi: wa buluu wenye milia wangapi, wa manjano wangapi, wenye madoa wangapi. Andikeni tarehe na hali ya maji. Kisha nendeni mwamba mwingine, ng'ambo ya mchanga, mfanye hivyo hivyo. Je, rangi ni zile zile?

Wasomaji wa milimani, siku ya mvua kubwa chukueni maji ya mto katika chupa nyeupe, mara moja juu ya mashamba na mara moja chini ya mashamba. Acheni chupa zitulie mpaka asubuhi, halafu pimeni kwa rula unene wa udongo uliotuama katika kila moja. Ulizeni ni mashamba ya nani yaliyo katikati, na yamelimwa kwa namna gani.

Mkishaandika, tuleteeni hesabu zenu kwa barua. Za pwani na za milimani tutazichapa katika ukurasa mmoja.